Nafasi ya Marwa Kwenye Lori

Kijiji Kipya, njia ya Issenye
10 Novemba 1974

Kaka yangu Machage,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Esta na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kwa vumbi la mkonge kimepona. Mimi huku ni mzima, watoto ni wazima, mama mkwe ni mzima isipokuwa miguu, na mbuzi ni wazima kupita kiasi, maana tangu asubuhi nimeshasimama mara tatu kuwatoa kwenye mihogo ya jirani. Ukiona mwandiko umebadilika katikati ya mstari, ujue nimetoka kukimbia.

Najua una hasira na mimi, na ni haki yako. Uliomba likizo, ukasafiri kutoka Korogwe hadi Musoma, ukakaa kituo cha mabasi siku mbili unanisubiri, na mimi sikushuka. Mwanamke mmoja wa Turwa aliyekuona pale ameniambia kwamba kila basi la Tarime lilipoingia ulikuwa unasimama na kuvua kofia. Habari hiyo ya kofia imeniumiza kuliko kama angeniambia kwamba ulinitukana. Nimeanza barua hii mara nne, nikaichana mara nne, na karatasi za daftari la Boke zinakwisha. Leo lazima niimalize, kwa sababu liko jambo ambalo usipolisikia kwangu utalisikia kwa njia mbaya zaidi.

Kwanza nijibu barua yako ya mwezi wa nane. Uliandika kwamba kuhama huku ndiyo nafasi yangu. Mama mkwe wangu, Mama Mokami, akipakia vyombo vyake kwenda ng'ambo ya Mto Mara, mimi nishuke Kirumi kwenye pantoni, nipande basi la Musoma, na wewe unichukue hadi Korogwe nikaanze upya. Habari ya ng'ombe wa mahari utajua wewe namna ya kuimaliza. Watoto uliwaandikia mstari mmoja tu, kwamba ni wa nyumba ile, wabaki, na mimi bado kijana, nitazaa wengine. Mstari huo niliusoma Joram akiwa mapajani ananyonya. Tena ukaongeza kwamba mwanamke kuolewa na mwanamke ni mambo ambayo nchi huru haiyataki.

Kaka, hapo ndipo tulipokosana, na itabidi nikukumbushe, kwa sababu umeandika kama watu wa huko wanaotucheka. Mimi sikuolewa na mwanamke. Mama Mokami alizaa mabinti watatu, hakujaliwa mtoto wa kiume, na mumewe akafa. Kama ilivyo desturi yetu, ng'ombe walioletwa kwa ajili ya mabinti zake akawapeleka kwa marehemu baba yetu, akanioa niwe mke wa mtoto wa kiume ambaye hakumzaa, ili nyumba yake isizimike. Mtoto huyo alimpa na jina, Marwa, jina la baba mkwe wake. Ulikuwepo. Ulikula nyama. Ulicheka ukauliza bwana arusi amechelewa wapi, baba akakukata jicho. Kwa hiyo mimi ni mke wa Marwa, na Boke na Joram ni watoto wa Marwa. Yule mwanamume niliyezaa naye hana neno juu yao, na sasa yuko Kericho anachuma chai, hata salamu haleti.

Mume wangu hajawahi kunipiga. Hajalewa, hajauza ng'ombe bila kuniambia, hajaleta mke wa pili. Wanawake wenzangu kisimani walikuwa wakinitania kwamba nimepata mwanamume bora kuliko wote mlimani, na siku nyingine nilicheka pamoja nao. Siku nyingine sikucheka. Ziko siku niligeuza ugali wa watu wanne nikatamani angekuwepo, walau nigombane naye.

Basi, habari ya kuhama. Operesheni Vijiji ilipofika kwetu, katibu kata alikuja na mgambo wawili akatangaza kwamba hakuna atakayebaki mlimani peke yake. Anayetaka atashuka kijiji cha karibu, mwendo wa nusu saa. Anayetaka shamba kubwa ajiandikishe kwenda mbali, ng'ambo ya mto, mbugani. Mlima mzima ulichagua karibu. Mama Mokami akanyoosha mkono wa kwenda mbali. Nilidhani hajasikia vizuri. Tulikuwa na kahawa pale, tulikuwa na migomba, na kaburi la mzee liko nyuma ya nyumba. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba mlimani kila mtu anajua. Shemeji zake wakipita njiani hukohoa na kumuuliza Marwa ameamkaje. Huko mbali, akasema, hakuna mtu anayejua kwamba Marwa hakuzaliwa.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sikulizuia. Karani wa kijiji kipya alikuja kuandikisha watu wake, kijana wa kabila la Wanata anaitwa Stanslaus, mwenye adabu na kalamu ya risasi juu ya sikio. Akauliza jina la mkuu wa kaya. Mama angeweza kutaja la kwake. Wajane wengi waliandikwa siku ile na hakuna aliyewasumbua. Lakini kwa akili yake nyumba si yake, ni ya Marwa, yeye ni mama tu. Akasema Marwa Mwita. Karani akauliza yuko wapi, akaambiwa yuko safarini. Stanslaus akaandika kwa mwandiko mzuri sana: Marwa Mwita, mke mmoja, watoto wawili, mama mzazi mmoja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona jina la mume wangu katika karatasi ya serikali, na sitakuficha, nililitazama mara mbili.

Lori lilikuwa moja kwa kaya nne. Hizo tatu nyingine zilitoka upande wa Turwa, hatukujuana. Ng'ombe walitangulia kwa miguu pamoja na wanaume wa kaya hizo. Sakafu ya lori iligawanywa kwa mistari ya chaki, hatua nne kwa kila kaya, na tuliambiwa kisichoenea kinabaki.

Siku tatu sikukaa chini. Nilikuwa nafunga mizigo miwili. Wa kwanza ulikuwa wa nyumba: vyungu, vibuyu vya maziwa, gunia la ulezi, majembe, na mlango wa mbao ambao tuliung'oa na bawaba zake kwa kuwa tuliambiwa mbugani hakuna mbao. Wa pili ulikuwa wangu wa kuja kwako, na nilijifanya ni nguo za watoto. Nikatia gauni la kanisani, nikalitoa, kwamba labda Korogwe wanavaa vingine. Nikatia mwiko wangu mkubwa, nikajiuliza kama wifi Esta hana mwiko, nikautoa, nikautia tena. Nikatia shati la Joram. Hilo nilikaa nalo. Kama Joram anabaki, shati lake linakwenda Korogwe kufanya nini? Na kama shati linakwenda, mimi namdanganya nani? Nililitia na kulitoa sijui mara ngapi, mpaka Boke akaniuliza kama lina chawa.

Usifikiri nilikuwa nalia. Nilikuwa nazunguka tu. Nilikuwa naingia ndani kuchukua kitu, nikifika nakuta nimekisahau, natoka, narudi. Nilifagia uwanja wa nyumba ambayo kesho yake tunaiacha. Nilipalilia kahawa mistari miwili, kahawa ambayo sitaichuma. Mama ananiangalia, anafunga vyake taratibu, hasemi kitu. Ukimya wake ulinitia wasiwasi kuliko maneno, maana kwa kawaida yule mama hukosoa hata namna unavyopiga chafya.

Siku ya kupakia, hatua zetu nne zilijaa, na chini bado kulikuwa na kitanda chake, jiwe la kusagia lile kubwa la chini, na kigoda cha Marwa. Kigoda hicho unakijua. Mama alikichongesha wiki niliyoolewa, miguu mitatu kama vya wanaume wote wa kwetu, na tangu siku hiyo hajakikalia mtu. Kila asubuhi anakifuta kwa kiganja. Jiwe nalo alilipewa na mama yake mzazi, limelika katikati kwa mikono ya wanawake ambao wengine hata majina yao hatuyajui. Dereva akasema kimoja tu. Mimi nilishaanza kulisukuma jiwe. Mama akapita mbele yangu akachukua kigoda. Nilipandwa na hasira, nikamuuliza mbele ya watu kama sasa tutasagia ulezi juu ya kigoda. Akanijibu kwamba mawe Mungu ameyatupa kila mahali. Kitanda akampa jirani bila hata kukigeukia.

Tulifika Kirumi saa nne asubuhi. Pantoni ilikuwa ng'ambo, watu wote tukateremka kungoja. Haukupita muda basi la Tarime likaja likasimama nyuma ya lori letu, na nikalitambua, ndilo ulilonitajia. Mzigo wangu nilikuwa nimeuweka pembeni, nimeufunga kwa kamba yake peke yake. Mama Mokami akanishika mkono akanivuta kando, karibu na mafunjo, mbali na watu.

"Basi lile linakwenda Musoma," akasema. "Kaka yako anakungoja."

Nilimuuliza ni nani aliyemwambia, maana barua yako nilikuwa nimeisoma peke yangu na yeye hajui kusoma. Alisema hakuambiwa na mtu. Anayehama hafungi mzigo kama anayesafiri, na yeye alikuwa ameniangalia siku tatu nikifunga na kufungua. Nilitegemea sasa atataja watoto, kwamba niwaache, kama ulivyoandika wewe, na nilikuwa nimejiandaa kugombana naye pale pale mbele ya basi.

"Watoto wachukue wote wawili, mokamona," akasema, neno letu la kumwita mke wa mwana. "Mimi ninaye Marwa."

Kaka, wewe ndugu yangu hukuthubutu kuniandikia hilo. Yeye ndiye aliyetoa ng'ombe, desturi yote iko upande wake, mtu yeyote mlimani angesema watoto ni wake, na ndiye aliyeniambia niwachukue. Alisema akageuka, akarudi kwenye lori, anachechemea.

Nilipanda basi. Nataka ulijue hilo, sikukudharau. Kondakta alipandisha mzigo wangu kwenye keria, nikapata kiti cha dirishani, Joram mapajani, Boke ubavuni ananiuliza bibi anakuja saa ngapi. Pantoni ilichukua lori kwanza. Niliona yote kutoka pale nilipoketi. Lori liko katikati ya maji, watu wamelizunguka, na mama mkwe yuko pembeni kabisa, miguu imevimba, kigoda amekikumbatia. Wenzake walikuwa wamekalia chochote kilichokuwepo, madebe, mizigo, mmoja amekalia tenga na kuku wamo ndani. Yeye amesimama. Kigoda anacho mikononi na hakikalii, kwa sababu ni cha Marwa.

Hapo nilikasirika. Sitakudanganya kwamba nilimwonea huruma, huruma ilikuja baadaye. Nilikasirika namna ambavyo mtu humkasirikia mtu wake. Nilimwambia kondakta ateremshe mzigo. Alinisema sana, abiria wakacheka, mzee mmoja akauliza kama nimesahau chungu motoni. Nilivuka kwa miguu na pantoni iliyofuata, nimesimama ubavuni mwa basi lile lile lililokuwa linakuja kwako. Ng'ambo nikalikuta lori bado limesimama, dereva anapoza injini. Nikarusha mzigo juu, nikapandisha watoto, nikapanda. Nikamwamuru mama akae kwenye kigoda. Akakataa. Basi nikamkalisha Joram, ambaye ni mwana wa Marwa na hakuna wa kumwondoa, na mama akasogea nikapata pa kuweka miguu. Lile basi likatupita likatuachia vumbi.

Ngoja, nimesimama tena. Mbuzi.

Huku ni tambarare, kaka, tambarare hadi macho yanachoka kwa kukosa cha kuegemea. Jua linapiga tangu asubuhi. Mlango wetu tumeusimamisha kabla ya kuta, kwa hiyo kwa wiki mbili tulikuwa na mlango mzuri katikati ya uwanja na Boke alikuwa anabisha hodi kila akipita. Sasa kuta zipo na paa limeezekwa upande mmoja. Pundamilia wanapita karibu, jirani mmoja kutoka Robanda anasema ulezi ukianza kuchanua tusitegemee kulala. Jiwe la kusagia tumeokota jingine, si zuri, linatoa mchanga. Kila nikitafuna ugali ukalia menoni namtazama mama, naye anatazama pembeni.

Sasa nikueleze habari za mume wangu. Kila mwanamume aliyeandikwa anatakiwa shamba la ujamaa siku tatu kwa wiki, na asubuhi majina yanaitwa. Marwa Mwita ameitwa tangu siku ya kwanza na hajaitika hata mara moja. Stanslaus alikuja kuuliza, mama akasema anakuja na ng'ombe. Ng'ombe wakafika. Akaja mara ya pili, mama akasema amepata homa njiani. Mimi nilikuwa nasikiliza nikiwa nakoroga udongo wa kuta, nimenyamaza kama siyo mambo yangu.

Jumatatu iliyopita alikuja mara ya tatu, na daftari. Alimwamkia mama, akaketi, akazungumza kwa upole kuliko nilivyotegemea. Amefikiri Marwa ametutoroka, kama wanaume wengine walivyoitoroka Operesheni, na akasema si aibu yetu, wala hakuna wa kutushtaki. Atalifuta jina la Marwa. Mama atamwandika mjane, mwenye kiwanja chake. Mimi ataniandika peke yangu na watoto wangu, kaya nyingine, hana mume. Kisha akanigeukia akanieleza kwamba nikiandikwa hivyo naweza hata kuomba ruhusa nihamie popote nilipo na ndugu, mimi na watoto, na yeye mwenyewe ataniandikia karatasi. Alidhani ananifariji.

Mama katika maneno yote hayo alisikia moja tu.

"Unamfuta mwanangu?"

Stanslaus akamwambia ni jina tu, mama. Akachukua kalamu sikioni, akafungua ukurasa. Na mama mkwe wangu, ambaye mlimani hakuwahi kumwomba mtu hata chumvi, akanyoosha mkono akaishika ile kalamu ikiwa bado mkononi mwa karani. Hakuivuta. Aliishika tu. Kijana akaona haya, hawezi kumnyang'anya mzee, na hawezi kuandika. Wakabaki hivyo, wameshika kalamu moja.

Kaka, sasa ndipo lilipo jambo lenyewe, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Mstari mmoja wa kalamu ile ulikuwa unanipa kila ulichonitakia, na watoto juu yake, bila kugombana na mtu, bila desturi kuvunjwa na mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Kunyamaza nakujua, nilikuwa nimenyamaza tangu siku ya kuandikishwa. Hakuna aliyenisukuma. Nikafungua mdomo nikasema, "Marwa yupo Korogwe. Anaendesha trekta kwenye mkonge."

Stanslaus akaniuliza nina hakika gani. Nikaingia ndani nikafungua mzigo wangu ule wa kuja kwako, ambao mpaka siku hiyo nilikuwa sijaufungua, nikamletea picha yako, ile umesimama na kofia karibu na trekta. Nikamwambia huyu ndiye mume wangu. Boke akaanza kusema, "Huyo si ni mjomba..." na mama akamtuma maji kabla hajamaliza, mtungi ukiwa umejaa. Karani akaitazama picha, akafurahi kabisa, kijana yule ni mwema. Akaandika anwani yako yote pembeni ya jina la Marwa, kambi na shamba na sanduku la posta, kama nilivyomtajia.

Najua nilichofanya. Kwetu ndugu wa tumbo moja hatajwi hivyo hata kwa mzaha. Karani alipoondoka mama alijitemea mate kifuani kuondoa mkosi, kisha akaichukua picha akaifuta kwa kiganja.

Utaniuliza kwa nini, na nimejiuliza kabla yako. Nilimwona amesimama kwenye maji yale na kigoda chake, na sasa nilimwona amekamata kalamu, na nikaelewa kwamba Marwa akifutwa, yule mama hakuwahi kuwa na mtu, na miaka minane tuliyoishi pamoja ilikuwa mchezo wa watoto wanaopika udongo. Mimi sikucheza. Nilipougua baada ya kumzaa Boke alinibeba mgongoni hadi misheni, mtu mzima kama mimi. Nampenda, kaka, ingawa ananichosha kila siku. Neno hilo sijamwambia na sidhani kama nitamwambia.

Stanslaus anataka barua. Marwa aandike kwa mkono wake, kabla ya mwaka kwisha, kwamba yuko kazini, kwamba anakubali kuwa mwanakijiji, na kwamba mkewe anamwakilisha shambani. Hilo la mwisho nimeshaanza, juzi walipoita Marwa Mwita niliitika mimi, watu wakacheka na wakazoea. Barua isipofika, jina litafutwa Januari. Na kabla ya hapo huenda ofisi ya kijiji ikakuandikia kwa jina lake. Ndiyo njia mbaya niliyosema.

Ng'ombe walionioa ndio waliokuolea wifi Esta. Nimekaa na neno hilo miaka minane na sijawahi kulitia katika barua hata moja, kwa sababu sikutaka uwe unakula ugali wako nami nimesimama mlangoni kama mdai. Leo nimelisema na sitalirudia. Sikuombi uje. Ukija, mtu atakufananisha na mimi kwa pua tu, na yote yataharibika. Nakuomba karatasi moja. Uanze na Mama mpendwa. Umuulize miguu. Umwambie unamkumbuka. Itasomwa kwa sauti na Stanslaus mbele ya watu, kwa hiyo usiifanye fupi. Mama anasema haamini kwamba utaandika, lakini tangu Jumatatu amenitania mara mbili, na jana alisema ugali wangu ni laini.

Mpe wifi Esta salamu zangu nyingi. Mwambie simnyang'anyi mume, naazima mwandiko wake tu. Wabusu watoto. Boke anakusalimu na anauliza kama sasa akuite baba au mjomba, nimemwambia mbele ya karani akuite baba na nyuma ya karani mjomba, na ameelewa haraka kuliko nilivyopenda. Mungu akulinde na vumbi hilo.

Juu ya bahasha nimeandika Marwa Mwita, dereva wa trekta, kambi ya pili, kwa kuwa Stanslaus ndiye anayeitia posta na jina jingine angelishangaa. Ungeweza kuirudisha kwa karani wa shamba ukamwambia hapo hakuna mtu anayeitwa hivyo. Lakini kama umeifungua ukaisoma hadi hapa, basi umekwisha kuitika.

Ni mimi dada yako,
Waisiko